Mama amekataa kurudi kwenye mionzi, nami nimemficha mtoto

Salaam alaikum Somo,

Nakuandikia mtoto akiwa amelala. Mama yuko chumba cha pili, mlango ameufunga.

Mama yangu ana miaka 58, ni mtu wa Malindi, na hajawahi kukaa Nairobi zaidi ya wiki mbili. Mwishoni mwa mwaka jana alianza kutokwa na damu, naye hedhi ilishamkatika zamani. Alinyamaza. Ni mdogo wangu aliyegundua, kwa kuziona leso za mama zikianikwa usiku. Tukampeleka hospitali, akakatwa kinyama kikapimwa, na majibu yakaja kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B. Daktari alisema upasuaji haufai tena. Tiba ni mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani mwishoni.

Kaka yetu mkubwa akatuita kando akasema mama asiambiwe. Alisema akilisikia neno saratani, hofu itamuua kabla ya ugonjwa. Basi tukamwambia ni uvimbe wa kizazi, unakaushwa kwa mashine. Fomu za hospitali zilikuwa za Kiingereza. Mama alitia sahihi pale kidole cha kaka kilipomwonyesha. Usidhani hajui kusoma: anausoma msahafu, na barua zake zote za ujana aliziandika kwa herufi za Kiarabu. Hizi herufi za kizungu ndizo asizozijua.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya pili, Jumatatu na tena Alhamisi, alirudishwa kutoka kwenye mashine akaambiwa kibofu hakijajaa, akanywe maji. Kumbe alikuwa amefunga. Sunna yake ya Jumatatu na Alhamisi hajaiacha tangu nikiwa mdogo. Hakuwaeleza, nao hawakumuuliza. Alifungua kwa maji ya kuletewa, akakaa kwenye benchi saa mbili, na mhudumu mmoja akamwambia mbele za watu kwamba anachelewesha foleni.

Kisha ikawa ile michoro ya wino kwenye nyonga. Mama aliisugua kwa dodoki mpaka ikatoka, kwa kuogopa kwamba wino unazuia maji yasifike mwilini anapooga. Siku ya pili yake wakamchora upya. Walikuwa vijana wawili wa kiume, naye amefunuliwa. Aliporudi nyumbani aliniambia sentensi moja tu: "Nimezaa watoto sita, sijaonwa namna ile."

Na kwenye benchi lile lile mwanamke mmoja akamwambia, "Bibi, huko ndani unachomwa. Leo huhisi kitu, utahisi matumbo yakishaiva."

Ameshapigwa mionzi mara 11. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita hajarudi. Leo ni Jumatatu, siku tano za tiba zimepita. Nikimsihi ananiuliza, "Ni uvimbe gani huu wa kuchomwa mwezi mzima?" Nakosa la kujibu.

Nami nina kosa langu. Nina mtoto wa miezi saba. Jirani aliniambia mtu anayepigwa mionzi hafai kulala na mtoto mchanga, kwa hiyo nikamtoa chumbani kwa nyanya yake nikasingizia mafua. Mama ndiye aliyekuwa akimbembeleza kila usiku. Sasa hamuulizi tena. Juzi nilimkuta ameishika kofia yake ndogo, anaikunja na kuikunjua.

Somo, ni kweli mionzi inabaki mwilini? Siku hizi tano zimeharibu kila kitu? Na je, nimwambie mama ukweli, hata kama kaka atanigombeza?

Binti wa Malindi, Nairobi

* * *

Waalaikum salaam, mwanangu.

Nimeziweka barua nyingine pembeni nikujibu wewe usiku huu huu, kwa sababu hali ya mama yako haingoji zamu.

Mtoto kwanza. Mrudishe kwa nyanya yake sasa hivi, hata kama amelala. Mionzi anayopigwa mama yako inatoka kwenye mashine, inapita mwilini, imekwisha. Mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki ndani yake, kama vile taa ukiizima chumba hakibaki na mwanga. Jasho lake, mkojo wake, sahani yake, shuka lake, pumzi yake, vyote ni salama kwa mtoto wa miezi saba na kwa mjamzito pia. Ambebe, ambusu, walale kitanda kimoja. Hata ile mionzi ya ndani atakayofanyiwa mwishoni, chembe yenye mionzi huingizwa kwa dakika chache kisha hurudishwa kwenye mashine, naye anatoka hospitalini akiwa hana chochote mwilini.

Jirani yako hakuizua habari ile hewani. Wapo wagonjwa wengine, hasa wa saratani ya tezi la shingo, ambao humezeshwa dawa ya ayodini yenye mionzi. Hao ndio hutengwa siku kadhaa na kukatazwa kuwabeba watoto, kwa kuwa dawa yenyewe iko mwilini mwao. Habari ya wale imebandikwa kwa hawa, na nyanya wangapi wamenyang'anywa wajukuu kwa kosa hilo! Nimeliona mara nyingi mno. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31, na tisa ya mwisho nilikuwa kwenye kitengo cha mionzi.

Sasa nikwambie kitu kimoja cha miaka ile tisa. Nilikuwa na desturi ya kumwingiza mgonjwa mgeni kwenye chumba cha mashine kabla ya siku yake ya kwanza, wakati hakuna anayetibiwa. Bibi mmoja kutoka Kitui aliingia akasimama mlangoni, macho yake yakawa yanazunguka sakafuni, kwenye kona, chini ya kitanda. Nikamuuliza anatafuta nini. Akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Moto mnauwasha wapi?" Alikuwa anatafuta jiko. Wiki nzima watu wamemwambia anakwenda kuchomwa, naye aliamini neno lile kama lilivyo. Nilimlaza juu ya kile kitanda, nikamwekea mkono wake kwenye chuma cha mashine akakuta ni baridi, nikaizungusha mashine juu yake akaisikia inavyonguruma. Akacheka. Alimaliza siku zake zote.

Mama yako hakupata mtu wa kumwonyesha kwamba hakuna jiko. Sikulaumu, na wale vijana sitawalaumu sana, kwa kuwa foleni zetu ni ndefu na mashine ni chache. Lakini mama wa watu amelazwa kwenye chumba baridi, amefunuliwa, amechorwa, amerudishwa mara mbili kama mtoto aliyekosea, na hakuna aliyekaa naye hata robo saa amweleze kwa Kiswahili chake ni kwa nini. Mimi ningekuwa yeye ningekimbia pia.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kabla ya mengine: ndiyo, mwambie ukweli. Mwambie usiku huu au kesho kabla ya jua. Kila kitu kingine nitakachokueleza hapa hakiwezi kumwingia akilini akiwa bado anaamini ana uvimbe tu. Utamwelezaje mtu umuhimu wa kunywa maji kila siku kwa wiki tano, avumilie kuhara na uchovu, kwa ajili ya kitu alichoambiwa ni kidogo? Hesabu yake ni sahihi kabisa. Uvimbe wa kawaida haumleti mtu Nairobi kutoka Malindi.

Na pengine anajua. Mwanamke aliyefua leso zake usiku ili asionekane, alikuwa anajua jambo fulani. Nimewaona wengi wa namna hiyo: mama anajua, watoto wanajua, na kila upande unamhurumia mwenzake kwa kunyamaza, huku mgonjwa akiubeba ugonjwa peke yake.

Kaka yako anampenda mama, hilo liko wazi. Lakini mwili ni wa mama. Hata Sheria ya Afya ya mwaka 2017 hapa Kenya inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa mwenyewe hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, na haki yake ya kukataa. Na inataka aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Imeacha mlango mdogo pale penye ushahidi kwamba kumwambia kutamdhuru. Hofu ya mtoto kumwona mama yake akilia siyo mlango huo. Kama kaka akikugombeza, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Namna ya kusema: kaa chini, usawa wake, mtoto akiwa mapajani mwake. Usianze na hospitali. Anza na ile siku ya leso. Mwambie, "Mama, tulikuficha jambo, na tulikosea. Ugonjwa wako ni saratani, iko kwenye mlango wa kizazi. Haijaenda mbali. Daktari anakutibu kwa nia ya kukuponya." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akiuliza kama atakufa, usimwapie kitu usichokijua. Mwambie kwamba hatua aliyokutwa nayo hutibiwa kwa nia ya kuiondoa kabisa, na kwamba wanawake wengi wamepona kwa tiba hii hii. Atakapouliza mwenyewe, "Sasa ile mashine inafanya nini?", hapo ndipo somo linapoanza.

Mweleze hivi. Saratani ni chembe za mwili zilizoasi, zinazaana bila kipimo. Mionzi inaingia mpaka kwenye kiini cha chembe na kuikatakata ile nyuzi inayobeba maagizo ya kuzaana. Chembe nzima za mwili zinapigwa pia, lakini zenyewe zina ufundi wa kujishona usiku. Zile zilizoasi ufundi huo umezipungukia. Kwa hiyo hupewi dozi yote siku moja. Unapewa kidogo leo, unaachiwa usiku mwili ujishone, kesho tena, mpaka 25. Mwisho wa juma ni mapumziko ya mwili wake, ingawa najua ni ya wahudumu pia. Hakuna kinachoiva. Kule juu ya kitanda hasikii chochote kwa kuwa hakuna cha kusikia, ni kama alipopigwa picha ya eksirei. Wahudumu wanatoka na kufunga mlango kwa sababu wao wako mle kila siku, mwaka baada ya mwaka, lakini wanamwona kwenye skrini, na akiinua mkono watasimamisha mashine waingie.

Ila usimwambie kwamba hatahisi lolote. Yule mwanamke wa kwenye benchi huenda alikuwa anasimulia maumivu yake mwenyewe ambayo naye hakuelezwa. Kuanzia kama wiki ya pili au ya tatu tumbo huanza kusumbua: kuharisha, msokoto, na mkojo kuwasha wakati wa kutoka. Uchovu huja, ule wa kuamka umechoka. Ngozi ya kinena na matako inaweza kuwa nyeusi, ikauka, ikachubuka kidogo. Nywele za kichwani mionzi hii haizigusi, zinazotoka ni za pale inapopita. Mengi ya haya hutulia wiki chache baada ya kumaliza. Machache yanaweza kujitokeza miezi au hata miaka baadaye, kama damu kwenye choo au kwenye mkojo, nayo asiyafiche kwa kudhani saratani imerudi, aende akaonwe. Mtu aliyeambiwa mapema kwamba atahara, akihara anasema "kumbe ndiyo haya". Asiyeambiwa anasema matumbo yameiva.

Maji nayo yana sababu yake, na ni sababu nzuri ambayo mama yako angeielewa kwa dakika mbili. Kibofu kikijaa, kinayasukuma matumbo madogo juu, yakae mbali na njia ya mionzi, na kizazi kinakaa mahali kilipokuwa siku ile ya picha ya kupangia tiba. Kibofu kikiwa kitupu, matumbo yanashuka na kuingia njiani. Waliomrudisha walikuwa wanayakinga matumbo yake, yale yale anayoogopa yasiive! Laiti mtu mmoja angemwambia hivyo. Utaratibu hutofautiana kidogo, lakini mara nyingi mgonjwa hukojoa kwanza, anakunywa kama nusu lita, kisha anangoja nusu saa au zaidi bila kwenda chooni. Waulize wao wanataka kiasi gani, umpimie kwa chupa ile ile kila siku. Ajitahidi pia kwenda haja kubwa kabla ya kutoka nyumbani. Sunna aiache mpaka amalize tiba. Mgonjwa ameruhusiwa kula hata Ramadhani, itakuwa Alhamisi ya kawaida? Na ile dripu ya kila wiki, kama ni sisplatini ambayo ndiyo hutumika sana kwa ugonjwa huu, inazielemea figo, kwa hiyo maji anayahitaji mara mbili.

Kuhusu wino, amwulize shekhe wake wa Malindi kwa simu, atulie moyo. Wino ule ni rangi tu juu ya ngozi, hauna gamba kama rangi ya kucha. Michoro ile ndiyo inayowaonyesha wapi pa kulenga, na kuikosa kwa sentimita moja si jambo dogo. Asiisugue, asipake mafuta juu yake. Ikianza kufifia asiichore mwenyewe wala wewe usimchoree.

Na ile aibu, mwanangu, usiipite haraka. Sentensi ile moja aliyokwambia ndiyo ninayodhani imemzuia kuliko matumbo. Kesho ukifika, mtafute muuguzi mkuu wa kitengo kabla mama hajaitwa. Mwambie kwa adabu kwamba mama anaomba mhudumu wa kike pale anapolazwa, na kama hakuna siku hiyo, awepo muuguzi mwanamke chumbani wakati wa kumpanga. Mama aende na leso yake mwenyewe ya kujifunika. Wanachohitaji kuona ni zile alama tu, mwili uliobaki unaweza kufunikwa. Hili linawezekana, tulilifanya kila siku. Wagonjwa hawaombi kwa kuwa hawajui kama linaombeka.

Siku tano zilizopita hazijaharibu kila kitu, lakini siwezi kukwambia si kitu. Chembe za saratani zikiachiwa nafasi huanza kuota upya. Tiba ya ugonjwa huu, mionzi ya nje na ya ndani pamoja, hutakiwa ikamilike ndani ya wiki nane tangu siku ya kwanza. Ikivuka hapo, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hushuka kwa kila siku inayozidi, kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Mama yako, kwa hesabu ya barua yako, leo ni siku ya 22. Muda upo. Daktari anaweza kufidia, kwa mfano kwa kumpiga mara mbili kwa siku kwa kuachanisha saa sita au zaidi, au kumwita Jumamosi, na huamua mwenyewe akiangalia hali ya mgonjwa. Muulize waziwazi: "Siku tano hizi mtazifidia vipi, na mionzi ya ndani imepangwa tarehe gani?" Hesabu ya asilimia niliyokupa ni yako na kaka yako. Mama usimtishe nayo, ametishwa vya kutosha.

Nakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya Uganda pale Mulago ilipoharibika, na ikachukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla mpya haijaanza kazi. Wagonjwa wakakatika katikati ya dozi, wachache wakaletwa Nairobi, wengine wakabaki nyumbani na karatasi zao. Wale walikuwa wanaitafuta mashine. Ya mama yako iko inafanya kazi, na nafasi yake ya saa ile inakaa wazi kila asubuhi.

Mionzi ya ndani lazima aelezwe mapema, na aelezwe na mwanamke. Akiishangaa siku ile atatoroka tena, na safari hiyo hutamrudisha. Atalazwa miguu ikiwa imeinuliwa, kama wakati wa kuzaa. Atapewa dawa ya maumivu au ya usingizi. Muulizeni ni ipi, na asikubali kuanza bila dawa. Mirija midogo itapitishwa ukeni mpaka kwenye mlango wa kizazi, atapigwa picha kuhakikisha imekaa sawa, kisha itaunganishwa na mashine. Chembe ndogo ya iridiamu, ndogo kama punje ya mchele, itapita ndani ya mirija, ikae dakika chache, irudi. Mirija inatolewa. Kungoja ndiko kurefu kuliko tiba yenyewe. Hurudiwa mara kadhaa, mara nyingi tatu au nne. Bila hii, mionzi ya nje peke yake haitoshi kuumaliza ugonjwa huu, kwa hiyo asidhani akifika 25 amemaliza.

Sasa ya nyumbani, ambayo mimi kama somo nayajua upande wa pili pia. Sisi wa Pwani tukiumwa huko chini tunakimbilia kujifukiza, kukanda na maji ya moto, kujipaka liwa, kuvukiza udi. Kwa wiki hizi zote, na mpaka ngozi ipone, hayo yote hapana. Udi avukize nguo zake za juu kama roho inataka, lakini asiukalie. Pale panaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, na kukaushwa kwa kugusagusa na kitambaa laini. Asinyoe. Avae pamba iliyolegea. Kombe, habasoda, mizizi, chochote cha kunywa mnachomletea kutoka nyumbani, daktari akijue kwanza kwa ajili ya zile figo. Dua haina madhara, mwombeeni usiku na mchana.

Akianza kuhara, punguza maharagwe, kabichi, pilipili na vya kukaanga. Mpe wali laini, ndizi, samaki wa kuchemsha, uji wa mchele usio na maziwa mengi, na yale maji ya chumvi na sukari yanayochanganywa kwa pakiti ya dukani. Mpeleke hospitali bila kungoja zamu yake kama joto likifika nyuzi 38, kama hawezi kushikilia hata maji tumboni, kama mkojo umegoma, au kama damu inajaza pedi nzima ndani ya saa moja.

Na baba yenu kule Malindi naye apigiwe simu aelezwe. Mke wake hamwambukizi saratani wala mionzi. Baada ya tiba uke hukauka na kujikaza, na mama atapewa, au aombe mwenyewe, kifaa cha kuuzoesha kutanuka, ambacho pia humsaidia daktari aweze kumpima miaka ijayo. Unyumba utarudi daktari akishasema pamepona, kwa upole na kilainishi. Hilo waachie wenyewe, ila ajue lipo. Na asitokee mtu kwenu akaanza kuuliza ugonjwa ulitoka kwa nani: virusi vya HPV vinavyosababisha saratani hii huwapata watu wengi sana, na hukaa mwilini kimya miaka mingi.

Ukishamweleza, usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo ili usisumbuke. Mwambie, "Mama, kesho dada akipiga simu kutoka Malindi, utamweleza vipi?" Msikilize. Pale atakapokwama au akasema kuchomwa, ndipo urudie. Kisha chukua karatasi, mchoree visanduku 25, na kando yake mwandikie kwa zile herufi za Kiarabu anazozijua: maji, leso, alama zisifutwe. Kama wewe huzijui, mtajie aandike mwenyewe, itakuwa bora zaidi. Kalamu iwe yake, aweke alama kwenye visanduku 11 vya kwanza kwa mkono wake.

Kesho mtoke mapema, na chupa ya maji mkononi. Ijumaa jioni niandikie uniambie visanduku vimefika vingapi. Nitakuwa naingoja 15.

Somo